Kebo ya sona: soketi isibebe mzigo

Msomaji wa Kigamboni amenitumia picha ya soketi ya kebo ya sona, mashine inayochora sakafu ya bahari kwa mawimbi ya sauti. Pini mbili zimeota ukijani, ya tatu imeliwa imebaki kisiki. Anauliza kama sona imekufa. Kaka, anza na maungio, pale kebo inapokutana na "samaki", kile chombo kinachovutwa chini ya maji nyuma ya boti.

Kebo ina kazi mbili: kuvuta, na kupitisha umeme na data. Zitenganishe. Mzigo wote ubebwe na pingu ya chuma kwenye tundu la kuvutia, na pini ya pingu uifunge kwa waya isijifungue. Kipande cha kebo kati ya pingu na soketi kilegee, kipinde kwa upana. Msimu wa kusi, boti ikishatoka mlango wa bandari tu, mawimbi yanairusha na kebo inavutwa kwa mishtuko. Kipande hicho kikikaza, kila mshtuko unailegeza soketi, maji ya chumvi yanapenya, na yakikutana na umeme pini inaliwa.

Zima umeme kabla ya kuunga. Osha soketi kwa maji ya bomba, ikauke kabisa. Punje moja ya mchanga kwenye mpira inatosha kuacha njia ya maji. Grisi iwe ya silikoni tu, maana ya gari inavimbisha mpira. Paka kwenye matundu, kama sehemu ya kumi ya kina chake. Ikijaa, soketi haifiki mwisho. Unga, chomoa, angalia: kila pini iwe na utando mwembamba. Kisha unga tena, wima, bila kuyumbisha. Ringi ya kufungia ikazwe kwa vidole. Koleo liache kwenye sanduku, tafadhali!

Ukiishuku kebo, ipime kwa mega, kile kipimo kinachotumia volti kubwa kuona kama umeme unavuja kati ya nyaya, kebo ikiwa imechomolewa ncha zote mbili. Ukiacha samaki au mashine ya juu botini imeungwa, volti 500 za mega zitaunguza bodi zake.

Mwisho, samaki akiwa bado kwenye sitaha, washa umpapase ubavu wa kushoto kwa kiganja. Michirizi itokee upande wa kushoto wa skrini. Ikitokea kulia, aliyetengeneza kebo amepishanisha nyaya, na kila mwamba utachorwa upande usio wake.