Alama kupanda si ushahidi kwamba ginkgo imefanya kazi
Tuseme una miaka 25, umemeza kwa wiki sita vidonge vya ginkgo, dawa ya mitishamba itokanayo na majani ya mti wa jina hilo, na alama zako za jaribio la kumbukumbu zimepanda: je, vidonge ndivyo vilivyokusaidia? Hapana, kupanda huko hakuthibitishi hivyo, kwa sababu mtu anayerudia jaribio lile lile kwa kawaida hufanya vizuri zaidi hata asipomeza chochote. Mara ya pili tayari unajua kwamba utasomewa orodha ya maneno na kuulizwa tena baadaye, kwa hiyo unaanza kuyapanga kichwani mapema, matunda upande huu na vyombo upande ule. Ndiyo maana watafiti hugawa washiriki kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa dawa na jingine vidonge vya sura ile ile visivyo na dawa ndani, na si mmezaji wala mpimaji anayejua nani kapata kipi hadi mwisho.

Jaribio la namna hiyo lilichapishwa katika jarida la kitabibu la JAMA mwaka 2002. Lilihusisha watu 230 wenye afya, wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Waliopewa ginkgo walimeza miligramu 40 mara tatu kwa siku kwa wiki sita, na hawakuwashinda wenzao waliomeza vidonge vitupu. Hao walikuwa wazee, kwa hiyo matokeo yao hayamhusu moja kwa moja kijana wa miaka 25, ingawa kasoro ya kujipima peke yako, bila kundi la kulinganisha, inabaki pale pale.