Bima ya kuteleza na tanga barafuni: usiondoke bila jibu la maandishi

Juzi kijana mmoja wa Diani, anayefundisha wageni windisafingi, yaani kuteleza majini juu ya ubao wenye tanga, aliniandikia. Amealikwa Ufini mwezi wa pili, akateleze na tanga juu ya bahari iliyoganda. "Kaka, ubalozi umeikubali bima yangu. Si niko sawa?" Nikamjibu palepale: bado.

Bima ya viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufini ikiwemo, inatakiwa ifikie angalau euro 30,000, kwa matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa kwenu, uwe mgonjwa au maiti. Ubalozini wanatazama kiasi, tarehe na nchi. Mchezo unaokwenda kucheza utatazamwa na kampuni ya bima, tena siku umeshavunjika.

Mimi yalinikuta Oulu, hukohuko Ufini, kwenye Ghuba ya Bothnia, ambako maji yana chumvi kidogo na huganda karibu kila mwaka. Ubao wa barafuni una vyuma vyenye makali chini, na kwa kuwa hakuna maji ya kukushika, tanga dogo tu linakupeleka kasi kuupita upepo wenyewe. Raha yake sijaipata kwingine. Chuma kikanasa kwenye ufa, nikaangukia mkono wa kushoto, nikausikia mfupa ukilia. Hospitalini walinitunza vizuri sana, lakini mgeni asiye wa Ulaya hulipa gharama zote.

Nililipiwa kwa sababu ya barua pepe moja. Kabla sijasafiri nilimuuliza wakala, akacheka: "Mswahili na barafu wapi na wapi?" Neno lile liliniuma, na linaniuma hadi leo. Akasema michezo ya baridi imo, nisiwe na shaka. Nikaomba hati nzima, nikaisoma usiku ule neno kwa neno. Michezo ya baridi iliyotajwa ilikuwa ski na ubao wa theluji, basi. Tanga lilitajwa kwenye michezo ya majini. Mchezo wangu haukuwa kokote. Nikaiandikia kampuni yenyewe, nikaambatisha picha ya ubao, nikauliza: mnalipa au hamlipi? Niliwasumbua mpaka wakajibu: tunalipa, ukiongeza ada, ukivaa helmeti, na isiwe mashindano. Nilipodai, wa kwanza kupokea faili alikataa. Nikamtumia barua yao wenyewe. Wakalipa, na najivunia hilo.

Kwa hiyo ndugu zangu, andikeni. Jibu la simu si jibu. Ulizeni kuhusu uokoaji barafuni, kuhusu mtu mwingine utakayemgonga, kuhusu tanga na mlingoti vikivunjika, kwani hivyo mara nyingi huwa vifungu mbalimbali. Mlioko Ulaya msitegemee ile kadi ya afya ya Umoja wa Ulaya peke yake. Inakutibu kama mwenyeji kwenye hospitali za umma, lakini kukurudisha nyumbani haimo. Sisi wa pwani tumezoea kusema Mungu yupo. Yupo, naye ametupa macho ya kusomea mikataba. Someni!

Ukiumia piga 112, kisha piga namba ya dharura ya bima kabla ya matibabu makubwa, kwani kampuni nyingi zinataka ziidhinishe kwanza. Tunza kila risiti. Na ripoti ya daktari iombe kwa Kiingereza kabla hujatoka wodini. Ikiwa kwa Kifini, utatafuta mfasiri kwa pesa zako huku madai yamesimama.