Maswali ya Wasomaji: Kwenda Tunisia Kuiona Sayari ya Tatooine

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa miaka 14 anapenda mno filamu za kubuni za kisayansi, hasa zile za Star Wars, na amesoma mahali kwamba Tatooine, sayari ya jangwa inayoonekana katika filamu hizo, ilipigwa picha nchini Tunisia. Mimi na mama yake tumeweka akiba ya likizo ya Agosti, na kijana anatusihi twende huko badala ya Dubai. Ninahofia kutumia fedha za familia kwenda kutazama majengo ya maigizo yaliyoachwa jangwani. Je, safari hiyo ina maana yoyote? Na kama tutakubali, tuipange vipi? – Baba wa watoto watatu, Mombasa.

JIBU: Ndugu yangu, mkubalie kijana, ila likizo yenyewe uiondoe Agosti uipeleke Desemba. Kusini mwa Tunisia joto la mchana mwezi wa Agosti hupita nyuzi 40, na sehemu anazozitamani mwanao ziko kwenye uwanda mtupu usio na mti wala kibanda cha kujikinga na jua, kiasi kwamba mtoto aliyelelewa na upepo wa bahari ataomba kurudi garini kabla hajakiona vizuri alichokifuata. Desemba jua la mchana ni la upole, ingawa usiku wa jangwani una baridi kali inayotaka sweta nzito, na mara nyingi katika wiki za mwisho za mwezi huo mji wa Douz hufanya tamasha lake la Sahara, lenye mashindano ya ngamia na farasi.

Kuhusu hofu yako ya majengo ya maigizo, unayo haki ya kuwa nayo, lakini inahusu sehemu moja tu ya safari. Karibu na Ong Jemel, jina lenye maana ya shingo ya ngamia, si mbali na mji wa Nefta, kuna seti ya mji wa kubuni wa Mos Espa iliyojengwa kwa ajili ya filamu iliyotoka mwaka 1999. Ni majengo ishirini hivi yenye makuba na milango ya duara, na kwa mbali mtu huona mji kamili wa sayari nyingine ukiwa umesimama mchangani. Ukikaribia na kuzunguka nyuma, unaona mbao, wavu wa chuma na lipu inayobanduka. Mweleze mwanao jambo hili kabla hamjaondoka nyumbani. Mtoto aliyeambiwa mapema atafurahi kuona jinsi mafundi walivyoihadaa kamera, wakati yule asiyeambiwa anaweza kuhisi kwamba amedanganywa.

Ukisafiri hadi Nefta, usiache kwenda kwenye ukingo wa Chott el Djerid, ziwa kubwa la chumvi ambalo sehemu kubwa ya mwaka huwa kavu na jeupe hadi upeo wa macho. Hapo ndipo ilipo nyumba ndogo ya kuba ambayo katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1977, ilikuwa nyumbani kwa kijana Luke Skywalker, na ndipo alipokuwa akitazama machweo ya majua mawili. Kuba hilo liliharibika kwa miaka mingi, hadi mwaka 2012 kikundi cha wapenzi wa filamu hizo walipochangishana fedha, wakaja wenyewe na kulipiga lipu upya. Nenda nao saa kumi na moja jioni. Nilipofika pale, tulikuwa watu wanne tu, na kwa muda wa nusu saa hakuna aliyesema neno. Uwanda ule hauna sauti yoyote isipokuwa chumvi inayokatika chini ya viatu, na jua linapozama mwangaza wake huakisiwa na chumvi hata ukadhani kweli yako mawili.

Sasa kuna jambo ambalo kijana wako huenda halijui, na ndilo ninaloliona kuwa tamu kuliko yote. Mhusika yule anapoingia kwenye mlango wa kuba pale Nefta, anatokea kwenye ua wa chini ya ardhi ulioko Matmata, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara upande wa mashariki. Ua huo haukujengwa na watu wa filamu. Ni sehemu ya Hoteli Sidi Driss, ambayo ilianza kupokea wageni mwaka 1969, na kabla ya hapo yalikuwa makazi ya watu, yaliyochimbwa ardhini kama makazi mengine ya Matmata. Hadi leo unaweza kulala humo. Vyumba ni vya kawaida kabisa, vimechimbwa kwenye udongo na kupakwa chokaa, na bafu hutumiwa na wageni wote. Chumba cha kulia chakula bado kina mapambo yaliyorejeshwa mwaka 2000, watengenezaji wa filamu waliporudi kwa ajili ya filamu iliyotoka mwaka 2002. Kula chakula cha jioni katika chumba hicho, kijana akijua fika ni nani aliyeketi pale mbele ya kamera, ni jambo ambalo Dubai haiwezi kumpa.

Kwa upande wa mipango, anza na visa, na uulize ubalozi mapema badala ya kutegemea maneno ya wakala. Kutoka Afrika Mashariki wasafiri wanaweza kupitia miji kama Cairo, Istanbul au Doha hadi Tunis, kisha wakashuka kusini kwa ndege ya ndani hadi Tozeur au Djerba, au kwa gari. Dinari ya Tunisia hairuhusiwi kuingizwa wala kutolewa nchini, kwa hiyo badilisheni fedha mkishafika, na mtunze risiti ili mweze kurudishiwa fedha za kigeni mnapoondoka. Kati ya mji na mji kuna magari ya abiria yaitwayo louage, ambayo huondoka yakijaa, kama matatu za kwetu, na nauli yake ni nafuu. Hata hivyo, kwa Mos Espa na lile kuba mtahitaji kukodi gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne pamoja na dereva anayeijua njia. Mpatane naye kwa kutaja kila mahali kwa jina kabla hamjapanda. Dereva niliyemkodi alikubali kunipeleka sehemu zote mbili kisha akataka nyongeza tulipofika ya kwanza, na kwa kuwa nilikuwa katikati ya jangwa jua likiwa linaelekea kuzama, nililipa.

SWALI: Mhariri, ninafundisha historia sekondari. Wanafunzi wangu huamini kwamba kila kinachoonekana katika filamu za anga za juu hutoka Marekani, kwenye kompyuta. Nikiwaambia kwamba sayari ya Tatooine imepewa jina la mji wa Afrika, nitakuwa nimesema kweli? Na wenyeji wa huko ni watu gani? – Mwalimu, Morogoro.

JIBU: Mwalimu, utakuwa umesema kweli tupu. Jina la sayari ya Tatooine limetokana na mji wa Tataouine ulioko kusini mashariki mwa Tunisia. Upigaji picha wa filamu ya kwanza ulianzia Tunisia mwezi wa Machi 1976, na siku zile za mwanzo mvua kubwa isiyo ya kawaida iliharibu sehemu ya seti huko jangwani. Watengenezaji wa filamu waliporudi mwaka 1997, dhoruba iliharibu tena seti zao karibu na Tozeur. Wanafunzi wako watalipenda jambo hilo, kwamba sayari iliyobuniwa ilipigwa na dhoruba za kweli mara mbili.

Wenyeji wa asili wa maeneo haya ni Waamazighi, ambao vitabu vingi huwaita Waberberi, na ni wao waliobuni majengo ambayo dunia nzima inayadhani ni ya sayari nyingine. Huko Matmata walichimba shimo kubwa lenye kina cha mita saba hivi, kisha wakatoboa vyumba pembeni mwa ua huo, kwa kuwa udongo wa vilima vile ni laini kwa mchimbaji, na nyumba iliyo chini ya ardhi hubaki na ubaridi wakati juu kunaungua, na huhifadhi joto wakati wa baridi. Baadhi ya familia bado zinaishi humo, ingawa nyingi zimehamia Matmata Mpya.

Upande wa Tataouine utakutana na ksar. Hapa mwalimu wa Kiswahili wa shule yako naye atapata somo lake, kwa sababu ksar ni neno lilelile la Kiarabu lililotupa kasri. Ila kasri la huko halikuwa la mfalme. Lilikuwa ghala la jamii nzima lenye ngome, ambamo kila familia ilihifadhi nafaka na mafuta ya zeituni katika chumba chake kirefu chenye dari la upinde. Chumba hicho wanakiita ghorfa, na vyumba vilipangwa kimoja juu ya kingine hadi safu tatu au nne. Sisi tulilichukua neno hilo tukalifanya ghorofa, na ukisimama mbele ya vyumba vile vilivyopandana unaelewa mara moja jinsi neno la chumba linavyoweza kuwa neno la orofa nzima. Mojawapo ya maghala hayo, Ksar Hadada, liligeuzwa makazi ya watumwa katika filamu ya 1999. Vyumba ambavyo watazamaji waliviona kama makao ya watumwa wa sayari nyingine vilijengwa na wakulima na wafugaji kwa ajili ya shayiri yao.

Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu vipeperushi vya utalii mara nyingi hutaja filamu kwanza na wenye nyumba mwisho, au hawatajwi kabisa. Mtu anaposhuka ndani ya ua wa Matmata huwa ameingia nyumbani kwa mtu. Ni vyema apige hodi, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na familia ikimkaribisha kwa chai na mkate wenye mafuta ya zeituni na asali, akae anywe na aache chochote mkononi mwa mama mwenye nyumba. Vivyo hivyo kisiwani Djerba, ule msikiti mdogo mweupe wa Sidi Jemour ulio ufukweni, ambao ulionekana katika filamu ya 1977, ni mahali patakatifu. Nimewaona wageni wakipanda ukutani pale wakiwa na panga za plastiki zinazowaka taa, na iliniuma. Watu wa pwani yetu, ambao nasi tuna misikiti ya kale na makaburi ya masharifu, hatuhitaji kufundishwa namna ya kukaa mahali kama pale.

SWALI: Nimesikia kwamba mji ule wa Mos Espa unamezwa na mchanga. Mimi niko Muscat, ninatarajia kupata likizo baada ya mwaka mmoja au miwili. Nitakuta kitu? – Msomaji, Oman.

JIBU: Dada, habari uliyoisikia ni ya kweli. Karibu na majengo yale kuna tuta la mchanga lenye umbo la mwezi mchanga, ambalo upepo hulisukuma. Upepo huokota chembe za mchanga mgongoni mwa tuta na kuzidondosha upande wa mbele, na kwa njia hiyo tuta zima hutembea bila kubadili umbo lake. Utafiti wa wanasayansi uliochapishwa mwaka 2013 ulilitumia hili la Mos Espa kwa kuwa majengo, yakiwa yamesimama palepale, yalifaa kuwa alama ya kupimia katika picha za setilaiti, na ilionekana kwamba tuta lilikuwa likisogea mita 15 hivi kila mwaka. Baadhi ya majengo ya pembeni yalikuwa yameanza kufunikwa. Mwaka 2014 mchanga mwingi uliondolewa ili kuyaokoa.

Anayetoka Tanzania atalielewa tuta hilo upesi akikumbuka Mchanga Unaohama wa Ngorongoro, karibu na Olduvai. Ule ni majivu meusi ya volkano na huu wa Tunisia ni mweupe, lakini umbo ni lilelile la mwezi mchanga, upepo unafanya kazi ileile, na hata mwendo unakaribiana.

Kwa hiyo ukija baada ya mwaka mmoja au miwili utayakuta majengo, ingawa si lazima uyakute yote, wala katika hali ninayoieleza mimi. Tuta likishapita, kilichofunikwa hufunuka tena, ila kuta za mbao na lipu nyepesi huweza kubomoka chini ya uzito wa mchanga kabla hazijafunuliwa. Ombi langu ni kwamba usichukue kipande cha ukuta kuwa kumbukumbu, hata kama utakikuta kimeshaanguka chini na mwenye gari akakwambia hakuna atakayekuuliza. Panda juu ya tuta lenyewe asubuhi na mapema, kabla upepo haujaanza, ukalitazame kutoka huko juu. Utaona mitaa yote ya Mos Espa chini yako, na nyuma ya mgongo wako nyayo zako ulipopitia, ambazo hadi adhuhuri zitakuwa zimefutika.