Mniulize kwanza sabuni iko wapi

Mhariri, wiki iliyopita mlituuliza wasomaji: "Je, kunawa mikono kwa sabuni kila utokapo chooni ni lazima, au maji matupu yanatosha?" Nililisoma swali hilo kibandani kwangu, suruali ya mteja ikiwa chini ya sindano. Mpaka naandika haya suruali haijaisha na mwenyewe amekwisha kupiga simu mara mbili.

Jibu fupi ni kwamba ni lazima. Mimi ni fundi cherehani, na anayebisha namwomba adondoshe tone la mafuta ya cherehani kwenye satini nyeupe ya bibi harusi, kisha alisugue kwa maji matupu. Atasugua mpaka kitambaa kiote manyoya, doa litakuwa bado linamtazama. Mikono nayo ni hivyohivyo. Ngozi ina mafuta yake, na kinachotoka chooni kinanata humo, maji yanapita juu kwa juu. Sabuni inashika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili, ndipo uchafu unang'oka na kuondoka. Na wale wanaosema "mimi natawaza kwa maji, situmii karatasi, kwa hiyo niko safi", hao ndio wa kuambiwa kabla ya wengine wote. Ulitawaza kwa kitu gani kama si mkono?

Tena sisi sabuni tunaitumia kinyumenyume. Nenda kwa mama lishe yeyote saa saba mchana. Kabla ya ugali watu wanamwagiwa maji kwenye ncha za vidole, basi, wanakaa. Wakishamaliza samaki ndipo utasikia "mama, sabuni iko wapi?" Kwetu sabuni ni ya kutoa shombo. Vimelea havinuki, kwa hiyo havina mtu wa kuviulizia sabuni.

Ila mmeuliza kana kwamba sabuni ipo, imekaa mahali pake, na kilichobaki ni mtu kuamua. Mimi naishi na swali jingine: sabuni ya choo cha watu wengi ni ya nani? Swali hilo liliwahi kumtoa mtu kwenye nyumba, na aliyemtoa ni mimi.

Ilikuwa 2015, Manzese. Kipindupindu kilianza Agosti huko Kinondoni, na Manzese wakati ule ilikuwa bado Kinondoni, Ubungo haijawa wilaya. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita na choo kimoja cha shimo uani. Ukuta wa pili wa choo ndio ukuta wa bafu, na bafu halina paa. Maji tulikuwa tunanunua kwa dumu. Siku moja akaja bwana afya na mtendaji wa mtaa. Akachungulia chooni, akauliza maji ya kunawa yako wapi, na sabuni iko wapi. Tukamwonyesha kopo. Akasema anarudi baada ya siku tatu, akute ndoo yenye koki na sabuni, la sivyo faini kwa nyumba nzima. Mama mwenye nyumba anaishi Kimara. Tulipompigia simu akasema faini ni ya wanaokitumia hicho choo.

Tukakaa kikao. Kila chumba kitoe shilingi 500 kwa wiki, na mtunza hela niwe mimi kwa sababu nina daftari la kuandikia vipimo. Nikanunua mche wa sabuni, nikaukata vipande. Cha kwanza nikakiweka kwenye kisahani cha bati juu ya ukuta wa bafu. Asubuhi hakipo. Cha pili kikakaa siku moja. Tukaweka kingine, kikaondoka, tukaweka kingine. Mwishowe nikatia kipande kwenye soksi ya nailoni, nikafunga fundo la kifundi, nikaining'iniza kwenye msumari kando ya ndoo. Hicho kilidumu siku nne. Jumamosi nimeamka nakuta soksi inaning'inia peke yake, imetoboka kisigino, ndani hamna kitu.

Kufikia wiki ya tatu vipande tisa vilikuwa vimepotea. Daftari bado ninalo, vimeandikwa vyote. Na uani maneno yalikuwa yameanza, kwamba fundi anakula hela za sabuni.

Mtu akishaambiwa mwizi anatafuta mwizi mwingine haraka. Chumba cha nne alikuwa anakaa kijana muuza mayai ya kuchemsha. Jioni anachemsha trei mbili, anayapanga kwenye ndoo ndogo, kachumbari kwenye kopo lenye kifuniko, chumvi na pilipili kwenye karatasi, anazunguka vituo vya daladala mpaka saa tano usiku. Kijana mpole, mimi si mkubwa kwake sana lakini kila asubuhi ananipa shikamoo. Kosa lake lilikuwa moja: yeye ndiye wa mwisho kwenda uani usiku, sote tumelala.

Jumapili jioni nikaitisha kikao. Nikasimama na ile soksi mkononi.

"Hii imekatwa kwa wembe," nikasema. "Nguo iliyokatwa naijua, ndiyo kazi yangu."

Jina sikutaja. Nilikuwa namtazama tu.

"Dada Fundi," akasema, "hao ni kunguru."

Sasa, kunguru wa Dar es Salaam mnawajua. Wanapora vifaranga, wanapora samaki kwenye ungo mwenyewe amesimama, na sabuni wanaipenda kama watoto wanavyopenda ubuyu, labda kwa ajili ya yale mafuta yaliyomo. Mimi nimezaliwa pwani hii, nilikuwa najua. Lakini nilikuwa nimekwisha kuamua.

"Kunguru anajua kufungua fundo? Sabuni haina miguu."

"Haina, dada. Ina mabawa."

Watu wakaangua kicheko, hadi watoto. Kicheko kile kilinipanda kichwani. Nikasema, na sentensi hii nakumbuka mpaka pumzi zake: "Anayewamenyea watu mayai kwa mikono isiyonawa ndiye wa kutufundisha habari za kunguru?"

Uani pakanyamaza.

Mtu asiyekuwepo mjini miezi ile hawezi kujua uzito wa neno hilo. Wauza vyakula vya barabarani walikuwa wanafukuzwa huku na huku, watu hawanunui hata tikiti la kukatwa. Mama wa chumba cha kwanza alikuwa na meza ya mchicha njiani, na kufikia Jumanne mtaa mzima unajua kwamba muuza mayai wa nyumba ile hanawi. Alhamisi nikamwona anarudi saa tatu usiku, ndoo imejaa kama ilivyotoka. Akakaa kwenye kigoda mlangoni kwake, akaanza kuyamenya na kuyala, moja baada ya jingine, bila chumvi. Nilikuwa dirishani nakunja nguo. Niliyahesabu mpaka sita, nikazima taa.

Mwisho wa mwezi akahama. Hakuwa anadaiwa. Chumba alikifagia, ufunguo akaniachia mimi.

Desemba ile Rais Magufuli akafuta sherehe za Uhuru, tarehe 9 nchi nzima tukashika mafagio. Sisi tulizibua mtaro wa mbele ya nyumba na nikafagia kuliko wote.

Masika yalipoingia, bati la upande wa choo likaanza kuvuja, akaitwa fundi. Kati ya paa letu na la jirani kuna upenyo ambao bati la jirani limeufunika, mvua haifiki. Akaingiza mkono, akatoa takataka akizitupa chini: kijiko, mfupa wa paja la kuku, vifuniko vya soda, na vipande vya sabuni. Nilivikusanya mwenyewe. Vilikuwa vitano, vimekauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima, na kila kimoja kina vitundu vya mdomo pembeni.

Soksi nilikuwa sijaitupa, iko kwenye kopo la vifungo. Nikaitoa. Kitambaa kilichokatwa kwa wembe ukingo wake ni sawa. Kilichovutwa, nyuzi zinatoka na kujikunja. Zile za soksi zilikuwa zimevutwa. Na siku ya kikao, nilipoinyanyua mbele ya watu, zilikuwa zimevutwa vilevile. Fundi gani asiyejua?

Vitano kati ya tisa. Vinne vilivyobaki sijui vilikokwenda. Labda kunguru walivila, labda watoto, labda yule kijana kweli alichukua kimoja viwili akanawie huko vituoni kabla ya kumenya mayai. Na kama alichukua kwa kazi hiyo, basi katika nyumba ya vyumba sita ni yeye peke yake aliyefanya alichosema bwana afya. Sikumwona tena. Kila kituo nikiona ndoo ya mayai namtazama muuzaji usoni kwanza.

Nilipoanza kuwaandikia nilikuwa nimepanga kusema asiyenawa apigwe faini. Sasa hilo limenitoka. Faini sisi tulitishiwa, na ilichozaa ni kikao. Nyumba yetu hakuugua mtu, nyumba ya tatu kutoka kwetu alifariki mama mmoja, na siwezi kujitapa kwamba ni sabuni, maana wiki zile siku ambazo msumari ulikuwa mtupu ni nyingi. Halafu kuna jambo ambalo wa Manzese, Tandale na Jangwani hawahitaji kuelezwa: mvua ikinyesha, watu wanatapisha vyoo, yaliyomo shimoni yaondoke na maji ya mvua. Wewe unasugua mikono kwa sabuni vizuri kabisa, na maji ya choo cha jirani yanapita mbele ya mlango wako, mtoto wako anaelesha kandambili humo. Hapo sabuni ni kifungo kipya kwenye shati lisilo na mgongo.

Marehemu mama yangu alikuwa akisimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, kijiji kimekaa chini ya mwembe na redio moja, wakitoka hapo wanakwenda kuchimba choo pamoja. Sabuni ya kunawia hawakuwa nayo, walinawa kwa jivu, na bwana afya wetu wa Manzese naye alikubali kwamba pasipo sabuni jivu litumike. Sisi wa corona ya 2020 tulikuwa na ndoo yenye koki mbele ya kila duka, hata dukani kwa muuza vocha. Ya jirani yangu hapa kibandani bado ipo. Anawekea mkaa.

Kwa hiyo, kama mnalazimisha niseme: ukitoka haja kubwa, ukimsafisha mtoto, na kabla ya kushika chakula chako au cha mtu, ni sabuni, hakuna mjadala. Nyumba yenye mtu anayehara, ni sabuni kila mara, usiku na mchana. Lakini haja ndogo ya saa nane usiku, maji yako kwenye dumu chumbani na uani kuna giza, mimi namwagia vidole maji narudi kulala. Ndiyo, mimi huyohuyo niliyesimama na soksi. Msichukue hiyo kama ruhusa, maana asubuhi mkono huo ndio unaoshika kitasa, na kitasa ni cha wote.

Ninapoishi sasa tuko wapangaji wanne. Sabuni ya kipande nimeacha. Nimechukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikatia sabuni ya unga vijiko viwili, nikajaza maji, kifuniko nikakitoboa kwa sindano ya cherehani iliyopashwa moto, nikaifunga kwa waya kwenye bomba. Ukiibinya inatoa kidogo, inatosha mikono miwili. Mchango sijamwomba mtu. Kunguru wanakuja, wanatua ukutani, wanaigeuzia shingo huku na huku, wanaondoka. Wanaoimaliza ni watoto, wanaibinya wapulize mapovu. Jana nimeijaza mara ya tatu wiki hii, na sijauliza ni nani.

Fundi cherehani, Dar es Salaam