Picha za babu za treni za mvuke: usianze kwa kuzisafisha

Pole sana kwa kuondokewa na babu. Nimekuelewa: amekuachia masanduku mawili ya picha alizopiga kwa mapenzi yake tu kando ya reli ya Mombasa hadi Kisumu, vioo (picha zilizopigwa juu ya vipande vya kioo badala ya filamu) na filamu vimechanganyika, nawe unataka kuzipangusa kisha uuze.

Kitambaa chenye maji weka mbali. Mimi nililowesha kioo kimoja cha marehemu mjomba, picha ikabanduka kama utando wa maziwa. Tumia brashi laini, kavu. Vioo visimamishe wima, kila kimoja ndani ya bahasha yake ya karatasi. Filamu zinazonuka siki zitenge. Zile zinazonata au kugeuka unga wa kahawia huenda ni za naitreti, aina ya filamu ya zamani, na hizo hushika moto upesi mno: zisikae chumba cha kulala, usizishughulikie mwenyewe, tafuta mhifadhi wa nyaraka.

Tarehe utazikadiria kwa maandishi ya ubavuni mwa injini. Herufi KUR (Reli ya Kenya na Uganda) ni za kabla ya 1948. EAR (Reli ya Afrika Mashariki) zikaja baadaye. Garratt, aina ya injini kubwa za mvuke, zenye namba zinazoanza na 59 zililetwa 1955 na 1956. Maandishi ya babu nyuma ya picha usiyafute hata kama yana makosa. Kwangu mimi, hayo yana thamani kuliko injini yenyewe!

Kuuza, subiri kwanza. Toa nakala, kisha zungumza na Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Wakizitaka, andikianeni kama unawapa au unawaazima.