Mtoto Anayejitikisa Usiku, Mtazame Mchana

Wiki hii nimepokea ujumbe wa mama mmoja wa Kakamega. Mwanawe ana miezi 11. Kila akilazwa hupiga magoti, hujitikisa mbele na nyuma, kisha hugonga kichwa kwenye ubao wa kitanda mpaka usingizi umchukue. Mama mkwe amesema ni minyoo. Jirani amemtumia video inayodai kwamba hiyo ni dalili ya usonji, yaani autism, na tangu aione hapati usingizi. Aliniuliza: "Dada, wewe una mtoto mwenye usonji. Niambie ukweli, ndio huu?"

Nimemjibu yeye, na sasa nawajibu wengine, maana najua hayuko peke yake. Kujitikisa wakati wa kulala, peke yake, si usonji. Nimelitanguliza hilo ili mama anayesoma haraka usiku huu, simu ikiwa na chaji kidogo, asikose kulipata.

Nina watoto wawili. Kifungua mimba ni msichana, naye ana usonji. Kitindamimba ni mvulana, hana. Na aliyekuwa akigonga kichwa usiku ni huyo mvulana.

Binti yangu ukimlaza, analala. Katika ploti yetu hapa Nakuru wanawake walinisifu, wakasema nimejaliwa mtoto mtulivu. Ukimwachia vifuniko vya soda sakafuni alivipanga mstari tangu ukiinjika uji mpaka unauepua, bila kuinua macho. Ukimwita jina hageuki, lakini karatasi ya biskuti ikilia jikoni anakuja mbio. Akitaka chai hakunyoosha kidole wala kusema. Alinishika kifundo cha mkono, akaupeleka mkono wangu kwenye chupa ya chai, macho yake yakiwa kwenye chupa, si kwangu. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa ya matangazo ya redio, akiyarudia yote kwa sauti ileile ya mtangazaji. Watu walicheka wakasema ana akili. Akili anazo, sikatai. Ila mimi mamake nilikuwa nikingoja aniite, naye haniiti.

Miaka ya foleni na rufaa nitairuka, haina cha kumfaa mtu. Tulipata jibu akikaribia miaka 4. Wasichana watulivu mara nyingi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, kwa sababu hakuna anayelalamika juu ya mtoto asiyesumbua.

Akazaliwa kaka yake. Nilikuwa nimeshaelezwa jambo ambalo ni la kweli: mtoto mmoja akiwa na usonji, mdogo wake ana uwezekano mkubwa kuliko watoto wengine wa kuwa nao pia, karibu 1 kati ya 5. Basi alipofika miezi 8 na kuanza kujitikisa kitandani, nilihisi nguvu zinaniisha miguuni. Skrubu za kitanda zililia. Kitanda kilisogea kidogo kidogo mpaka kikagusa ukuta, na kila pigo la kichwa likasikika upande wa pili. Majirani wakaanza kuniangalia kwa huruma kwenye mfereji. Ndugu mmoja wa upande wa mume wangu akasema mbele ya wageni kwamba tumbo langu ndilo lenye kasoro. Maneno hayo yananiuma hadi leo, na sioni haja ya kuyafunika. Mwanamke mwingine, aliyekuja kutuombea, alitaka mtoto ashikwe kwa nguvu mpaka aache kutikisika. Huyo nilimsindikiza mpaka langoni, kwa heshima, na sikumwalika tena.

Kisha nikafanya kile ambacho dada yake alikuwa amenifundisha. Niliacha kumkodolea macho usiku, nikaanza kumtazama mchana.

Mchana mtoto huyu alikuwa mwingine kabisa. Ukimwita anageuka kabla hujamaliza jina. Ukijifunika leso usoni anaivuta na kucheka, kisha anangoja ujifunike tena. Babake akitoka asubuhi anampungia mkono. Siku moja trekta ilipita barabarani, akanyoosha kidole kwenye trekta, akanitazama, akaitazama trekta, akanitazama tena. Hakuitaka. Alitaka mimi na yeye tuione pamoja. Nililia pale pale nyuma ya kamba ya nguo, maana dada yake hakuwahi kunionyesha kitu hata kimoja akiwa na umri ule. Baadaye akaokota gunzi la mahindi, akaliweka sikioni, akasema "hao", akanipa niongee na shosho. Hapo moyo wangu ukatulia, ingawa usiku kitanda kiliendelea kulia kama kawaida.

Kwa nini basi hujitikisa? Ndani ya sikio kuna sehemu inayotambua mwendo na mizani ya mwili, na mwendo wa kurudiarudia huituliza akili ya mtoto. Ndiyo sababu mtoto anayelia hunyamaza ukimbeba mgongoni na kutembea. Mtoto anayejitikisa anajifanyia mwenyewe kazi ambayo mgongo wako ulikuwa ukimfanyia. Wengine huyumbisha mwili wote, wengine hugeuza kichwa kushoto na kulia kwenye godoro, wengine hugonga. Huanza mara nyingi kati ya miezi 6 na 10. Zaidi ya nusu ya watoto wa miezi 9 hufanya mojawapo ya hayo, na kwa kawaida haizidi robo saa kabla hawajalala. Wengi huacha wenyewe. Wanaofika miaka 5 wakiendelea ni wachache. Wangu aliacha polepole, na sikumbuki ni lini nililala kwa mara ya kwanza bila kusikia skrubu.

Nyumbani tulifanya mambo ya kawaida tu. Tulisogeza kitanda mbali na ukuta, mume wangu akakaza skrubu, mwisho tukaweka godoro chini kabisa. Mito hatukuweka kuzunguka kichwa chake, kwa sababu mtoto wa chini ya mwaka mmoja anaweza kukosa hewa akilala kati ya mito. Tulimlaza akiwa na usingizi hasa, si mapema ili tupate nafasi ya kupumzika, maana muda mrefu wa kulala macho wazi ndio unaojazwa na kugonga. Mchana tulimwacha acheze mpaka achoke. Hatukumshika, hatukumkemea, hatukumpa dawa ya mafua ili asinzie. Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu naliona kwenye ploti nyingi: dawa ya mafua si dawa ya usingizi, tafadhali, usimpe mtoto.

Liko jambo moja lisilongoja. Mtoto anayejibembeleza, akiwa bado macho, ukimwita au ukimgusa anaweza kuacha. Ukimwona anakakamaa, macho yanapinda, au mwili unashtuka kwa mifululizo hasa akiamka, na huwezi kumkatiza, huo huenda ni ugonjwa wa kifafa, na hospitali ni siku hiyo hiyo. Mchukue video kwa simu kabla hujatoka. Daktari ataona kwa nusu dakika kile ambacho wewe utakieleza kwa saa nzima. Peleka pia mtoto anayejiumiza, au anayeanza kugonga ghafla akiwa na homa na kushika sikio.

Sasa nyinyi mnaotumiana video za kutisha, nisikilizeni. Usonji hautambuliwi kwa tendo moja. Ni kweli watoto wenye usonji wengi hujitikisa, hupepesa mikono, na usingizi huwasumbua. Lakini mtaalamu hutafuta mambo mawili kwa pamoja: shida ya kuwasiliana na kuhusiana na watu, na tabia za kurudiarudia. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa, asiyepunga mkono. Wa mwaka mmoja na nusu asiyenyoosha kidole kukuonyesha kitu. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno yakapotea: yeyote kati ya hao apelekwe hospitali, hata kama analala fofofo bila kutikisa kidole. Binti yangu alilala hivyo.

Na nyinyi mnaosema "ngoja, atasema tu", mnawaibia watoto muda. Kitabu cha kliniki cha mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Wengi wetu hatuufungui, tunampa muuguzi apige muhuri wa chanjo. Chanjo ya pili ya surua ni miezi 18, umri mzuri kabisa wa kuuliza. Ufungue ukurasa huo mbele ya muuguzi, uweke kidole pale mtoto asipofikia, usiondoke mpaka ujibiwe. Wala usiikwepe chanjo yenyewe. Ile makala ya mwaka 1998 huko Uingereza iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010.

Ukipewa rufaa, omba masikio yapimwe kwanza, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri naye hageuki akiitwa. Sisi hapa Nakuru tulianzia hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wazee bado wanaiita PGH, halafu tukaenda kituo cha tathmini cha wizara ya elimu, wanakiita EARC. Vituo hivyo vilianza mwaka 1984 na vimeenea nchini, kwa hiyo usiambiwe lazima uende Nairobi. Pale ndipo mtoto hutathminiwa na mzazi huelekezwa shule inayomfaa. Chekechea moja ilikuwa imenirudishia binti yangu na begi lake getini, mbele ya wazazi wengine. Leo yuko katika kitengo maalum cha shule ya msingi, anasoma, anaimba, na chai anaiomba kwa maneno yake mwenyewe. Barua ya tathmini ndiyo iliyotufungulia mlango huo. Itoeni nakala kadhaa, ile halisi ibaki nyumbani, kwa sababu kila ofisi itaiomba.