Umefuta Vidakuzi, Mbona Bado Vipo?

SWALI: Mhariri, assalamu alaykum. Nina saiba ndogo hapa Langoni, mjini Lamu, ambako wateja huja kuomba hati za serikali kwenye eCitizen, kuwasilisha marejesho ya ushuru KRA na kusoma barua pepe. Kila mteja anapoondoka mimi hufuta historia na vidakuzi, yaani zile kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kompyuta ili zimtambue mtu, na isitoshe nimekiagiza kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, kifute data kila kinapofungwa. Hata hivyo, mteja mmoja alipobofya kisanduku cha barua pepe alionyeshwa anwani za watu waliomtangulia, mmoja wao akiwa jirani yake, na kuna asubuhi niliyoikuta akaunti ya mteja wa jioni ingali wazi. Nikitazama orodha ya tovuti zilizohifadhi data, majina bado yamo. Je, kivinjari hakifuti, au mimi ndiye nisiyejua kukitumia?
Mwenye saiba, Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Mambo uliyoyaeleza yanafanana machoni pa mteja, lakini kila moja lina chanzo chake, na ndiyo sababu hatua moja uliyoichukua haikuyamaliza yote.

Tuanze na zile anwani, kwa kuwa ndizo zilizowatia wateja wako aibu. Hazitoki kwenye vidakuzi hata kidogo. Kivinjari huweka kumbukumbu ya maneno yanayoandikwa kwenye fomu, yakiwemo majina, namba za simu na anwani za barua pepe, ili kiyapendekeze tena siku nyingine, na kumbukumbu hiyo ina kisanduku chake cha kutiwa alama kwenye ukurasa wa kufuta data, mbali na kile cha vidakuzi na mbali na kile cha manenosiri. Katika Chrome ya kompyuta, kivinjari cha kampuni ya Google, kisanduku hicho kwa miaka mingi kimewekwa kwenye kichupo cha mipangilio ya kina, ambacho wengi hawakifungui kwa sababu kichupo cha msingi ndicho kinachojitokeza kwanza. Kwa saiba ningeshauri usihangaike kuifuta kumbukumbu hiyo kila mara. Izime moja kwa moja, pamoja na lile pendekezo la kuhifadhi manenosiri, kwani hakuna mteja wa saiba anayenufaika nalo.

Akaunti iliyobaki wazi ndiyo inayohusu vidakuzi, na hapo jambo la kwanza la kuchunguza ni muda. Ukurasa wa kufuta hukuuliza unataka kuondoa data ya kipindi gani, na kipindi kinachotangulizwa aghalabu ni kifupi: saa moja iliyopita, na kwenye Chrome ya simu, katika matoleo ya karibuni, dakika 15 tu. Chrome hupima kipindi hicho kwa wakati kidakuzi kilipoundwa, wala haitazami kilitumika lini mara ya mwisho. Kwa hiyo mteja aliyeingia kwenye akaunti yake saa nne asubuhi na kuondoka saa saba anaweza kukiacha kidakuzi chake salama salimini iwapo wewe utafuta data ya saa moja iliyopita. Chagua muda wote, na uhakikishe chaguo hilo kila unapofuta.

Jambo jingine ni kufunga kwenyewe. Agizo la kufuta data wakati wa kufunga hutekelezwa kivinjari kinapofungwa kweli, na kubofya alama ya kufunga dirisha si lazima kuwe kukifunga, kwa sababu vipo vivinjari, Chrome ikiwa mmojawapo, vyenye mpangilio unaoviruhusu kuendelea kufanya kazi chinichini hata baada ya madirisha yote kutoweka. Vilevile, ikiwa umechagua kivinjari kiendelee pale kilipoachia, kurasa za jana hurudi pamoja na vidakuzi vya muda ambavyo vilitarajiwa kutoweka na dirisha. Umeme nao ukikatika ghafla, jambo ambalo mwenye saiba wa Lamu hahitaji kuelezwa, kompyuta huzimika kabla kazi ya kufuta haijaanza, na ukiiwasha tena kivinjari hukuuliza kwa ukarimu kama ungependa kurejeshewa kurasa zilizokuwa wazi. Mteja wa kwanza wa asubuhi akikubali, huenda amefunguliwa barua za mtu mwingine.

Ama ile orodha ya tovuti isiyokwisha, mara nyingi si ushahidi wa data ya zamani. Ukifuta huku vichupo vingine, yaani kurasa nyingine ulizozifungua, viko wazi, tovuti zilizomo huandika vidakuzi vipya papo hapo, na hata ukurasa wa mwanzo wa kivinjari unaweza kuwa tovuti yenye vidakuzi vyake. Kipimo cha kweli ni akaunti kufunguka bila nenosiri kuombwa. Funga vichupo vyote, ubakishe ule wa mipangilio tu, kisha ufute na utazame orodha upya. Ujue pia kwamba kidakuzi ni kijifaili kidogo ambacho kwa kawaida hakizidi kilobaiti 4, ilhali tovuti za leo huhifadhi mengi zaidi kwenye sehemu nyingine za kivinjari, mojawapo ikiiruhusu kila tovuti kwa kawaida kama megabaiti 5, pamoja na hifadhidata na skripti zinazofanya kazi chinichini. Kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, au programu ya usafishaji inayojinadi kuwa inafuta vidakuzi inaweza kuziacha sehemu hizo zote bila kuzigusa.

Baada ya kusema hayo, sitaki kuvitetea vivinjari kupita kiasi, kwa kuwa lawama yako imewahi kuwa ya haki. Toleo la 69 la Chrome lilipotoka mwezi Septemba 2018, watumiaji waligundua kwamba mtu akiingia kwenye Gmail kivinjari chenyewe nacho kiliingizwa kwenye akaunti hiyo, na kwamba kufuta vidakuzi vyote kuliviacha vile vya akaunti ya Google. Malalamiko yalikuwa makali hata Google ikaubadilisha utaratibu huo katika toleo la 70. Mwaka 2020 mtengenezaji programu Jeff Johnson alionyesha kwamba Chrome iliyoagizwa kufuta data yote inapofungwa ilizifutia tovuti nyingine, lakini ikabakiza data ya YouTube na ya tovuti ya Google katika zile sehemu nyingine nilizozitaja. Google ilieleza kuwa hiyo ni hitilafu na kwamba ingerekebishwa. Kwamba hitilafu ilizipendelea tovuti za mwenye kivinjari mwenyewe ni jambo ambalo kila msomaji atalipima atakavyo, mimi halikunishangaza.

Kuna hatari moja ambayo hukuiuliza. Mteja akiingiza kivinjari chenyewe kwenye akaunti yake na kuruhusu usawazishaji, yaani data yake ilinganishwe kwenye vifaa vyake vyote, manenosiri na historia yake ya nyumbani hushuka kwenye kompyuta yako, na wewe ukiifuta historia hiyo kabla hujamtoa, inafutika hata kwenye simu yake. Mtoe kwanza kwenye akaunti, ndipo ufute.

Ushauri wangu ni kwamba uache kufuta kwa mkono na uwafungulie wateja dirisha la mgeni, ambalo vivinjari vya Chrome na Edge vinalo. Dirisha hilo halionyeshi manenosiri wala anwani za mtu yeyote, na madirisha yote ya mgeni yakifungwa kila kidakuzi huondoka nayo. Iwapo kuna kompyuta ambayo data yake haifutiki hata baada ya hayo yote, huenda faili za wasifu wa kivinjari, yaani sehemu inayotunza mipangilio na data ya mtumiaji mmoja, zimeharibika au zimezuiliwa na programu nyingine. Tengeneza wasifu mpya, kisha uufute ule wa zamani wote.

Lakini hata dirisha la mgeni haliondoi faili zilizopakuliwa. Nakala za vitambulisho, vyeti vya PIN ya KRA na barua za maombi ya kazi ambazo wateja huzipakua ili wazichapishe hubaki kwenye folda ya vipakuliwa mpaka mtu azifute, na kisha azifute tena kwenye pipa la taka. Kwa maoni yangu folda hiyo ndiyo inayostahili wasiwasi wako kuliko vidakuzi, kwa sababu kidakuzi huisha muda wake, lakini nakala ya kitambulisho inafaa kwa ulaghai miaka mingi baadaye.

SWALI: Bwana Mhariri, nina nyumba ya wageni hapa Malindi. Niliwahi kutafuta bei za friji kwenye simu yangu, na tangu wakati huo matangazo ya friji yananifuata kila ninapofungua mitandao ya kijamii. Nimefuta historia na vidakuzi vya muda wote, lakini matangazo hayajakoma. Kuna data gani iliyobaki kwenye simu yangu?
Mwenye nyumba ya wageni, Malindi

JIBU: Dada, huenda kwenye simu yako hakuna kilichobaki. Vidakuzi vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, ili tovuti iweze kumtambua mtu yule yule anapohama kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, kwa mfano anapojaza kikapu cha ununuzi. Kidakuzi cha matangazo aghalabu hubeba namba tu, na maelezo yanayoambatana na namba hiyo hukaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu, za kampuni ya matangazo. Ni kama risiti ya fundi cherehani: ukiichana, vipimo vyako vingali vimeandikwa kwenye daftari lake.

Kinachokuunganisha upya na daftari hilo ni akaunti yako. Ukifuta vidakuzi kisha ukaingia tena kwenye mtandao ule ule wa kijamii kwa jina lile lile, unapewa kidakuzi kipya kinachoelekea kwenye rekodi zile zile. Zaidi ya hayo, baadhi ya programu za simu hufungua viungo ndani yake zenyewe, kwa kivinjari cha ndani ambacho vidakuzi vyake viko mbali na vya kivinjari chako cha kawaida, kwa hiyo kukisafisha kimoja hakukigusi kingine. Simu za Android nazo zina kitambulisho cha matangazo, ambacho si kidakuzi na hakimo kwenye ukurasa wa kufuta data ya kivinjari; kitafute kwenye mipangilio ya simu yenyewe, sehemu ya faragha au ya Google, na katika simu za miaka ya karibuni unaweza kukifuta kabisa.

Zipo mbinu za kificho zaidi. Mwaka 2010 mtaalamu wa usalama wa kompyuta Samy Kamkar alionyesha mfano wa kidakuzi kinachojificha katika sehemu nyingi za kivinjari kwa wakati mmoja na kujirudisha kutoka sehemu moja iliyosahauliwa. Mwaka huo huo EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za watumiaji wa intaneti, lilipima vivinjari vya watu waliojitolea na kukuta zaidi ya asilimia 80 vinaweza kutofautishwa na vingine vyote katika kipimo hicho kwa sifa zake tu, kama fonti na viendelezi vilivyomo, bila kidakuzi chochote. Hata hivyo, kwa tangazo la friji sidhani mtu yeyote amejitaabisha hivyo. Akaunti yako yatosha.

Basi peleka ombi lako mahali data ilipo. Google ina ukurasa wa Shughuli Zangu ambapo unaweza kuufuta utafutaji wenyewe, na mitandao mikubwa ya kijamii ina mipangilio ya matangazo inayokuruhusu kukata uhusiano na tovuti nyingine ulizozitembelea. Kampuni ikikaidi, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuomba data ambayo haina tena sababu ya kuwekwa ifutwe, na malalamiko hupokelewa na Ofisi ya Kamishna wa Data. Kama tayari umenunua friji, tangazo lenyewe huwa na kitufe cha kulificha, nacho mara nyingi hufanya kazi haraka kuliko sheria.

SWALI: Shikamoo, mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa Shela. Tangu nianze kufuta data ya kivinjari kila usiku, bando langu linaisha mapema. Je, kuna uhusiano? Na je, nikitumia hali fiche (incognito) ya kivinjari sitahitaji kufuta?
Mwanafunzi, Shela

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uhusiano upo. Kivinjari huweka picha na faili za tovuti kwenye akiba ili kisizipakue tena kila unaporudi, nawe unapoifuta akiba hiyo kila usiku, asubuhi unazilipia upya. Unapofuta, acha bila alama kisanduku cha picha na faili za akiba na utie alama kwenye vidakuzi na historia pekee. Kama simu ni yako na huiazimishi, sioni haja ya kufanya hivyo kila usiku.

Hali fiche hufuta vidakuzi na historia madirisha yake yote yanapofungwa, na si kabla ya hapo; kichupo kimoja ulichokisahau hukiacha kila kitu hai. Haikufichi kwa tovuti unazozitembelea wala kwa kampuni inayokuuzia bando. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa madai kwamba iliendelea kukusanya data ya watu waliokuwa katika hali hiyo, na katika maafikiano ya mwaka 2024 ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi na kuyaandika upya maelezo ambayo hali hiyo humwonyesha mtumiaji. Kwa bando lako pia haina faida, kwa sababu akiba yake hufutika pamoja na vidakuzi.